Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 18: Deni la mgonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Jana baada ya Alasiri kijana mmoja alinifuata msikitini. Mama yake ana saratani, na imeshasambaa. Wameuza ng'ombe, wakauza mbuzi, wakauza mashine ya boti. Sasa kimebaki shamba. Akaniuliza, "Ustadhi, nikiuza na shamba nitakuwa nimemtendea mama wema, au nimewanyima wanangu?"

Jamani, tukisikia mgonjwa kapelekwa Bugando tunadhani gharama ni dawa tu. Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Hesabu nauli ya watu wawili, pa kulala, chakula. Mionzi nayo haipigwi siku moja ikaisha, huenda wiki kadhaa, na anayeuguza hafanyi kazi siku zote hizo. Akihamishiwa Ocean Road, Dar es Salaam, hesabu inaanza upya.

Nilimwambia: kwanza kamuulize daktari waziwazi, tiba iliyobaki ni ya kuponya au ya kutuliza maumivu? Allah hamtwishi mja asichokiweza. Kama ni ya kutuliza, hiyo nayo ni tiba. Kumpa mama dawa yake ya maumivu, kumgeuza kitandani, kukaa naye usiku, huo ni wema kamili. Kubakiza shamba si kumtelekeza mama.

Sasa tuje kwetu. Surat At-Tawba aya ya 60 imetaja makundi manane ya kupewa zaka, na wenye madeni wamo. Aliyekopa kumtibu mzazi wake akashindwa kulipa ni miongoni mwao. Na wewe unayemdai, Al-Baqara aya ya 280 inakuagiza umpe muda mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Ila angalia: wanazuoni wengi hawakubali deni ulilosamehe lihesabiwe kuwa zaka. Msamaha ni sadaka. Zaka itoe.

Leo kabla ya futari, pigia simu nyumba moja yenye mgonjwa. Usiishie kuuliza "anaendeleaje?" Uliza, "Nauli ya safari ijayo ipo?"

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, wapunguzie maumivu, na uwalipie madeni yao kupitia mikono yetu. Aamin.