Anayeulizwa ni Nani?

Kumtenga mtu na mnyama kwa kigezo cha lugha peke yake hakutoshi tena, na ushahidi umetoka Afrika Mashariki yenyewe. Huko Amboseli, Kenya, watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walirekodi milio ya tumbili, kisha wakaipiga kwa spika iliyofichwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Kwa mlio wa chui tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai walitazama juu au kujitosa vichakani. Kwa mlio wa nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia nyasi. Hapakuwa na chui, tai wala nyoka. Watoto wa tumbili hupiga mlio wa tai hata kwa ndege asiye na madhara, na hujirekebisha kadiri wanavyokua.

Zana nazo hazimtengi mtu: mwaka 1960, huko Gombe, Tanzania, mtafiti Jane Goodall aliona sokwe mtu akivua mchwa kichuguuni kwa kijiti. Kigezo cha kujitambua nacho kina mashaka. Mwaka 1970 Gordon Gallup wa Marekani aliripoti kwamba sokwe mtu waliopakwa rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa waliiona kwenye kioo, wakajigusa palepale ilipo.

Lakini mlio wa tumbili haumwahidi mtu kitu kuhusu chui wa mwakani. Katika eneo la Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, anayenunua kiwanja kwa mafungu huandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi kwamba salio atalilipa tarehe fulani. Tarehe haijafika, fedha haipo, na huenda akafariki kabla. Hata hivyo pande zote zinajua atakayedaiwa siku hiyo ni huyuhuyu aliyetia saini leo. Huku ndiko kujitambua ambako kioo hakiwezi kukupima.

Vitabu vya dini vimegusa jambo hili la kuwajibika. Qurani, sura ya 6 aya ya 38, inawahesabu wanyama kuwa umma kama wanadamu, ila katika 33:72 amana iliyokataliwa na mbingu, ardhi na milima inabebwa na mwanadamu. Katika Mwanzo sura ya 3, nyoka anazungumza vizuri tu (tena kwa ufasaha wa kushawishi), lakini baada ya kosa wanaohojiwa ni Adamu na mkewe. Nyoka analaaniwa bila kuulizwa neno.

Ni kweli mtoto mchanga hawezi kuahidi, lakini utu wake haupungui. Wajibu wake unabebwa na wanaomlea. Sheria nayo ina mtazamo huohuo kuhusu wanyama: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamwajibisha mwenye punda kwa punda wake, wala haimdai punda chochote.