Amana ya Mwitu na Haki ya Mkulima

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho na kirukacho, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Liko suala ambalo mkulima wa Mbwara, au wa kijiji chochote cha Bonde la Rufiji, ana haki ya kutuuliza, wala haifai kumjibu kwa kejeli. Suala lenyewe ni hili: Mtu akesha usiku kucha katika dungu, akipiga debe na kuwasha moto, ili aulinde mpunga wake. Nguruwe waja, ndovu waja, na pengine simba naye aja. Nayo sheria yamwambia: usiwinde bila ruhusa. Je, ni haki mnyama awekewe sheria ya kumlinda, na mwanadamu aachiwe debe?

Hatutaki kulifanya dogo jambo hili. Kati ya mwaka 2002 na mwezi wa Aprili 2004 simba mmoja aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji. Na wataalamu waliohesabu misiba ya namna hii walikuta kuwa tangu mwaka 1990 hata 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa mahali palipolia sana. Basi mwenye kusema habari ya kuhifadhi wanyama, naye hajali kilio cha nyumba hizo, ni heri anyamaze.

Lakini yatupasa kwanza tujue mnyama ni wa nani. Kurani yatufundisha kwamba wanyama na ndege ni mataifa kama sisi tulivyo taifa, nao watakusanywa kwa Mola wao. Mwanadamu amepewa ukhalifa wa ardhi, wala hakupewa milki yake. Na khalifa huulizwa. Aliyehirimia hija haramu kwake kuua mawindo ya nchi kavu, na akiua kwa kusudi alipa kafara. Na Mtume wetu (S.A.W.) aliuharimisha Mji wa Madina, mawindo yake yasiwindwe wala miti yake isikatwe. Basi asiseme mtu kuwa kumzuia mwindaji kwa sheria ni uzushi wa Wazungu. Waislamu waliijua sheria hiyo kabla ya kuwako bunduki.

Na faida yake ni dhahiri. Itazame Hifadhi ya Selous, ambayo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka 1976 ndovu wa huko walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 na ushei. Ndovu huchukua mimba miezi 22, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hao hawakumalizwa na mkuki wa mkulima aliyetetea shamba lake. Walimalizwa na bunduki ya wenye kutafuta pembe, na faida ikavuka bahari. Umaskini ukabaki vijijini kama ulivyokuwa. Basi sheria ikiondolewa, atakayetangulia kuingia mwituni si mkulima, ni tajiri wa pembe.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Wataalamu hao waliona kuwa simba hushambulia watu zaidi mahali ambapo mawindo yake mengine yamepungua, na nguruwe wa mwitu wamebaki wengi. Nguruwe huingia shambani kwa ajili ya mazao, simba humfuata nguruwe, na hapo humkuta mtu amelala dunguni. Na katika nchi yetu ya Waislamu nguruwe hawindwi kwa kuliwa, kwa hivyo huzidi. Amalizaye swala na nyati wa mwitu amwonyesha simba njia ya shamba la jirani yake.

Mtu akisema: "Basi simba akinijia, nikae niliwe kwa kuwa ni amana?" Jawabu: La. Mtume (S.A.W.) alitaja wanyama wenye kudhuru ambao hata aliyehirimia aruhusiwa kuwaua, na wanavyuoni wengi waliwaingiza humo simba na chui na kila mwenye kushambulia watu. Hata sheria ya Tanzania yamruhusu mtu kuua mnyama kwa kutetea nafsi yake. Kujitetea ni kitu kimoja, na kuwinda kwa tamaa ni kitu kingine. Aliyevichanganya viwili hivi ameidhulumu sheria.

Sasa twafika penye uzito. Kurani yatusimulia hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Sulemani, juu ya kondoo waliotawanyika usiku wakala shamba la watu. Na Mtume wetu alihukumu ya kuwa mchana mwenye shamba alinde shamba lake, ama usiku mwenye mnyama ndiye amzuiaye mnyama wake, na kilichoharibika chamlazimu yeye. Ni kweli kwamba mnyama wa mwitu hana mwenyewe. Lakini sheria ya mwaka 2009 yasema wanyama wote wa mwitu ni mali ya umma, na Rais amewashika kwa udhamini kwa ajili ya wananchi. Aliyesema, "Hawa wasiguswe, mimi ni mdhamini wao," ameshika mahali pa mwenyewe. Basi usiku ni juu yake.

Kanuni za mwaka 2011 zimeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa. Ni jambo jema, lakini jina lenyewe lakiri upungufu: aliyefutwa machozi hajalipwa haki yake. Wala amana hailindwi kwa dhuluma. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa majangili, ilisimamishwa baada ya malalamiko ya watu kuteswa na kuuawa, na mawaziri wanne wakaondolewa.

Kwa hivyo twasema: sheria ya kuwalinda wanyama ni haki, nasi twaitetea. Lakini faida ya ndovu ni ya nchi nzima, na hasara yake ni ya mtu mmoja aliye dunguni. Haifai watu wote wale tunda, na mmoja achomwe na miiba. Mkulima asishirikiane na jangili, hata akiwa na uchungu. Na mdhamini asilale, hata shamba likiwa mbali na macho yake. Kila mmoja ataulizwa alichokishika.

Mwenyezi Mungu atupe uadilifu kwa wenye kusema na kwa wasioweza kusema. Amin.