Funga Bao Lako Hata Siku Mnayofungwa

Mwanangu, hebu nikuulize. Yale mabao ya Mbwana Samatta ambayo Watanzania tunayasimulia mpaka leo, unakumbuka timu yake ilipata nini siku zile? Ilifungwa. Karibu siku zote zile ilifungwa.

Tuhesabu pamoja. Tarehe 17 Septemba 2019 Genk ya Ubelgiji ilikwenda Salzburg, mechi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Samatta akafunga. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufunga katika hatua ile kabla yake. Genk ikalala 6-2. Tarehe 5 Novemba mwaka uleule wakaenda Anfield kwa Liverpool. Ikapigwa kona, Samatta akaruka juu ya mabeki na kuuweka mpira wavuni kwa kichwa. Ikawa 1-1. Dakika tisini zilipokwisha, Liverpool walikuwa na mawili na Genk lile lile moja.

Miezi mitatu baadaye alikuwa Aston Villa. Tarehe 1 Februari 2020 alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, ugenini kwa Bournemouth, na akafunga. Mtanzania wa kwanza kufunga katika ligi ile. Villa ikafungwa 2-1. Tarehe 1 Machi ikaja fainali ya Kombe la Ligi, Wembley. Manchester City walishatangulia kwa mabao mawili. Samatta akapiga kichwa tena, nyavu zikatikisika. Villa haikuongeza jingine. Kombe likaenda Manchester.

Na lile la Cairo umelisahau? Tarehe 27 Juni 2019, Taifa Stars na Kenya. Tulikuwa hatujacheza fainali za Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980. Msuva wetu alifunga mapema, Olunga wa Kenya akasawazisha, na dakika moja tu baadaye Samatta akatuweka mbele 2-1. Mechi ikaisha 3-2, Kenya wameshinda.

Mechi ile niliitazama hapa hapa Nachingwea, katika kibanda umiza, nimebanwa na vijana wa rika lako. Samatta alipofunga, kijana mmoja nisiyemjua alinikumbatia. Mechi ilipokwisha, kijana yule yule alitoka akisema Samatta hakufanya kitu. Sikumjibu. Alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hujibiwa kesho. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, kwa sababu nimelisikia mara nyingi darasani, shambani na nyumbani. Mtu amefanya kazi yake vizuri, siku imekuwa mbaya, basi tunasema hakufanya kitu. Ubaya zaidi, mwenyewe naye huanza kuamini.

Wewe pia una tabia hiyo, mwanangu. Timu ikifungwa, unarudi nyumbani unavitupa viatu uvunguni. Darasa lenu likifanya vibaya kwenye mtihani wa majaribio, hata lile somo ulilofaulu hutaki kulitaja. Bei ya ufuta ikishuka mnadani, unasema kilimo ni upuuzi, na ulipalilia vizuri kuliko mwaka wa jana. Unatazama matokeo tu. Una haraka ya kushinda, na sikulaumu kwa hilo. Ninachoomba ni ujifunze kutenganisha mambo mawili: matokeo ya siku, na kazi yako katika siku hiyo.

Samatta mwenyewe asingefika alikofika kama vitu hivyo viwili vingekuwa kimoja. Alianzia Mbagala, akapita African Lyon, akaingia Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikafungwa kule, ikafungwa na Dar es Salaam. Mashabiki wengi walirudi nyumbani na huzuni. Lakini Mazembe, waliotufunga, walikuwa wamemwona kijana mmoja upande wetu. Mwaka huo huo wakamchukua.

Akakaa Lubumbashi takribani miaka mitano. Mitano, mwanangu. Mwaka 2013 Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza kwa Sfaxien ya Tunisia. Hakufunga mizigo kurudi Dar. Mwaka 2015 wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger. Kule Algiers Samatta alifunga kwa penalti, wakashinda 2-1. Kule Lubumbashi akafunga tena kwa penalti, wakashinda 2-0. Akawa bingwa wa Afrika, na akamaliza kinara mwenza wa ufungaji kwa mabao 7. Januari 2016, kule Abuja, akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kisha Genk. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile.

Kwa hiyo sisemi kwamba kushinda si kitu. Ni kitu kikubwa, na alikipata. Ninachosema ni kwamba makombe yake na mabao yake ya siku za kufungwa yametoka katika mguu uleule na kichwa kilekile. Angekuwa mtu wa kulegea kila timu yake inapotanguliwa, Wembley asingeruka. Na anayejizoesha kulegea siku mbaya hujikuta mlegevu hata siku njema.

Utaniambia, baba, bao la kufutia machozi lina faida gani? Wacheza mpira wanalidharau, najua. Sasa twende Ruangwa, nikuonyeshe.

Namungo, timu ya Ruangwa, ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania kwa msimu wa 2019/20, watu wa kwetu tulishikwa na furaha ambayo ni vigumu kukueleza wewe uliyekua ukiiona pale. Simba na Yanga kuja Ruangwa, kwenye Uwanja wa Majaliwa! Sisi tuliokuwa tunazisikia redioni. Msimu wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya nne. Tena ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, iliyochezwa Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020. Simba wakatufunga 2-1.

Nilisikiliza mechi ile na jirani yangu. Baada ya filimbi alizima redio akaingia ndani bila kuaga. Lakini Simba walikuwa tayari mabingwa wa ligi, wana nafasi yao Afrika. Nafasi ya mshindi wa kombe ikaja kwa Namungo. Timu iliyofungwa fainali ndiyo ikapeleka jina la Ruangwa nje ya nchi. Ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, baada ya safari ya Luanda iliyovurugwa na vipimo vya korona, mechi zote mbili zikachezwa Dar es Salaam. Ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Humo ikakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na haikuambulia pointi hata moja.

Je, tuseme haikufanya kitu? Uliza watoto wa Ruangwa na Nachingwea waliokuwa darasa la tatu mwaka ule. Leo wanapocheza kiwanjani hawajiiti majina ya wachezaji wa mbali tu. Wameona kwamba timu ya kwao inaweza kusimama mbele ya Raja. Kufungwa kule kumewafundisha ukubwa wa kazi iliyobaki, na hilo huwezi kulijua ukiwa umekaa nyumbani.

Mwanangu, sisi watu wa huku tunajua mambo ya kuwa upande uliofungwa. Babu yako, baba yangu mimi, alifanya kazi katika mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wakajenga reli kutoka pwani mpaka hapa kubeba karanga. Karanga hazikupatikana kama walivyopanga, fedha nyingi mno zikapotea, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli nayo ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Leo ukitafuta mahali ilipopita, unahitaji mzee wa kukuonyesha.

Mradi ule ni mfano wa kushindwa unaosomwa mpaka vyuoni. Lakini baba alijifunza ufundi wa injini ndani yake. Alikuwa kijana mdogo wa kushika spana na kuosha vyuma. Alijifunza kwa makini wakati wenzake wengi walishaona kwamba mradi unakufa na wakaanza kuzembea. Mradi ulipokwisha, spana ilibaki mkononi mwake. Alitengeneza mashine za kusaga vijijini kwa miaka mingi. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye grisi ile. Sikuwahi kumsikia akijisifu kwamba alifanya kazi kwenye mradi mkubwa, wala akiona aibu kwamba ulianguka. Alisema tu kwamba wakuu wa mradi ndio walioshindwa kutimiza karanga, yeye alikuwa na injini zake, na injini zake ziliwaka.

Shambani umeona jambo hili kwa macho yako. Mwaka ambao ubwiriunga umepiga maua ya mikorosho, mkulima mvivu huacha shamba lote lishike nyasi, kwa kuwa mwaka umeshaharibika. Mwenye akili hupulizia salfa, hupalilia, hukata matawi yaliyokauka. Msimu huo hapati kitu cha maana. Lakini mkorosho haupo kwa msimu mmoja.

Hata mbali na kwetu mambo ni hayo hayo. Marekani wana mchezo wa besiboli. Mchezaji anasimama na gongo, anarushiwa mpira mdogo kwa kasi kubwa, naye aupige. Akiupiga ukaruka mpaka nje ya uzio, ndilo pigo linaloheshimiwa kuliko yote, na wanalihesabu maisha yote ya mchezaji. Alikuwepo mtu anaitwa Ernie Banks, wa Chicago Cubs. Alicheza hapo tangu 1953 hadi 1971. Alipiga mapigo ya namna hiyo 512. Mwaka 1958 na 1959 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, na miaka yote miwili timu yake ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Katika miaka yote ya kucheza kwake, Cubs haikufika hata mara moja kwenye mechi za kuwania ubingwa. Mwaka 1977 walimwingiza katika jumba wanalowatunzia heshima wachezaji wao wakubwa. Walipomwingiza walihesabu kazi yake.

Sasa, kuna jambo jingine ambalo haki inataka nilitaje. Ukifanya kazi yako vizuri siku mbaya, si lazima kesho yake ulipwe. Baada ya Wembley, Samatta hakufunga tena akiwa Villa. Korona ikasimamisha ligi, iliporudi mambo hayakumnyookea, na Septemba 2020 akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Akapita Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki. Watu hapa walishaanza kusema amekwisha. Mwaka 2024 PAOK ikatwaa ubingwa wa Ugiriki naye akiwamo. Kutoka Wembley mpaka hapo ni miaka minne. Ukiwa na umri wako, miaka minne ni kama kuambiwa usubiri milele. Ukifika umri wangu utaiona inavyopita. Ndiyo maana nakwambia mapema, ingawa najua kijana hupenda kujionea mwenyewe.

Kuna tofauti moja uishike vizuri. Kufunga bao lako siku mnayofungwa si kujitenga na wenzako. Sitaki nikusikie ukitoka uwanjani ukisema mimi langu nimefunga, hao wengine shauri yao. Wembley Samatta hakushangilia kwa kuvua jezi. Timu ilihitaji jingine, muda ulikuwepo. Bao lako ni mchango kwenye chungu cha wote, hata kama siku hiyo chungu hakikujaa. Anayejivunia bao lake huku wenzake wanalia hajaelewa kwa nini alitumwa kufunga.

Basi nikuombe mambo machache. Ukifungwa Jumamosi, umia. Kufungwa kunauma, na asiyeumia hakujali tangu mwanzo. Jumapili kaa utafakari ulipokosea. Jumatatu viatu vitoke uvunguni, uende mazoezini kwa hamu ile ile ya walioshinda. Ukifeli somo moja, usiyaache yale uliyofaulu yalale. Bei ikishuka, ziba mashimo ya ghala lako, maana msimu mwingine unakuja.

Na ukirudi nyumbani kutoka mechi, mtihani au mnadani, usianze kuniambia matokeo. Nitayasikia tu, Nachingwea si kubwa. Niambie kwanza wewe ulifanya nini. Ukiwa na jibu, kaa tule, na hayo mengine tutayazungumza tukiwa tumeshiba.