Mizani ya Mlezi

Msomaji, huenda nyumbani kwenu yuko nyanya aliyeshikwa na maradhi ya usahaulifu, ambayo madaktari huyaita dimenshia. Leo akuita kwa jina lako; kesho akuita kwa jina la mjomba wako. Hapo watu wa nyumbani hugeuka mahakimu bila ya kujua: huamua aweza nini, na nini hawezi tena.

Uamuzi huo si mdogo. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Lawton na Brody, walitoa orodha ya kazi nane za kila siku: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa na kushika fedha. Hata leo orodha hiyo hutumika, na mara nyingi mlezi ndiye aulizwaye, maana mgonjwa huweza kujiona mzima kuliko alivyo. Lakini mlezi naye ni mwanadamu. Uchovu huweza kumwonyesha upungufu mkubwa kuliko uliopo, na mapenzi huweza kumficha hatari iliyo mbele ya macho yake.

Tazama mfano. Nyanya achambua maharagwe katika ungo. Vidole vyake vyaenda polepole, nawe una haraka. Wautwaa ungo na kusema, "Nyanya, huwezi." Je, ni yeye asiyeweza kuchambua, au ni wewe usiyeweza kungoja? Mkono ulionyimwa kazi husahau kazi. Neno lako, lililokuwa uongo leo, laweza kuwa kweli baada ya miezi michache, nawe ndiwe uliyelifanya kweli.

Walakini, kumwacha peke yake na jiko la makaa, au kumwachia dawa zake azipime mwenyewe, kwa kuogopa kumvunjia heshima, si heshima bali ni uzembe.

Haki basi ni kuipima kila kazi peke yake, kwa macho wala si kwa hasira. Asiyeweza kuhesabu fedha huenda aweza kukunja nguo. Aliyeshindwa jioni huenda akaweza asubuhi. Pima leo, na kesho upime tena.

Kumbukumbu ya mtu hupungua. Utu wake haupungui. Ishike mizani hiyo kama utakavyopenda ishikwe siku utakapopimwa wewe.