Adabu ya Mshindi

Methali yetu husema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni neno la hekima, lakini limeelekezwa upande mmoja. Limemfunza mshinde namna ya kuuinamisha uso wake; halikumwambia mshindi namna ya kuuinua wake. Swali hilo ndilo nitakalo kulitazama.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba, 2023, nilikuwa kwetu Lulindi, wakati wa kuokota korosho. Tulikaa uani kuisikiliza redio, Yanga na Simba zikishindana Dar es Salaam. Mimi ni wa Yanga. Mjomba wangu, aliyenilea na kunisomesha, ni wa Simba tangu ujana wake. Hadi mapumziko timu zilikuwa sawa, bao moja kwa moja, na moyo wangu ulikuwa katika mashaka matamu. Kipindi cha pili Yanga ilitia mabao manne. La pili lilinirusha kitini. La tatu nikaliimbia. La nne nikalichekea. La tano lilipoingia, nilikuwa siusikilizi mchezo tena. Nilikuwa nautazama uso wa mjomba.

Furaha ya mchezo hudumu maadamu kushinda na kushindwa yote mawili yawezekana. Mashaka yakiondoka, kinachosalia ni kuufurahia unyonge wa mwingine. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Mjomba aliinuka, akaenda kulala bila ya kula.

Je, wachezaji wangalifanya vema kujizuia wasifunge zaidi? La. Kumhurumia mshindani uwanjani ni kumtukana mara ya pili. Lakini mchezaji alitoka jasho; mimi sikutoka hata tone.

Labda nitajitetea kuwa Simba na Yanga ni watani wa jadi. Utetezi huo ndio unaonihukumu. Sisi wa pande za Masasi na Newala, Wamakua, Wamakonde na Wayao, twaujua utani. Mtani humdhihaki mfiwa msibani, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini mtani huyo huyo huchota maji, hupasua kuni, huchimba kaburi. Dhihaka yake ameilipia kwa kazi ya mikono. Achekaye asitumike si mtani, ni mzomeaji.

Tena mtani hucheka akijua kuwa zamu yake yaja. Simba waliofungwa 5 kwa 1 mwaka 2023 waliwafunga Yanga 5 kwa 0 mwaka 2012, na 6 kwa 0 mwaka 1977. Nao walikuwa wamefungwa 5 kwa 0 mwaka 1968, kabla hawajalichukua jina la Simba. Wako wanaoiona hesabu hii kuwa hati ya kisasi. Mimi naiona kuwa onyo: hapana kicheko katika vilabu hivi ambacho hakikurudi kwa mwenyewe.

Asubuhi yake nilimtangulia mjomba shambani, nikaokota korosho hadi jua la utosi. Alikuja, akaokota kando yangu, kimya. Tulipokuwa tukifunga gunia alisema, "Mwaka wa 1977 yalikuwa sita, mpwa wangu. Wewe hujazaliwa." Akacheka peke yake, muda mrefu. Nami nililibeba gunia mpaka nyumbani.