Uraia na Uwana

Siku hizi katika vijiji vyetu vya Upare, tangu Mamba na Mbaga hata Gonja na Usangi, si rahisi kupata ukoo usio na mtoto aliye ng'ambo. Wengine walikwenda kwa masomo, wengine kwa ndoa, wengine kwa kazi ya uuguzi. Miaka ikipita, habari hufika nyumbani: "Fulani amepata ukaazi wa kudumu." Miaka mingine ikipita, husikiwa tena: "Fulani ameapa, sasa ni raia wa Marekani." Hapo watu hugawanyika. Hawa hushangilia, wale hutikisa vichwa na kusema, "Huyo amekwisha kutuacha. Mkataa kwao ni mtumwa." Basi nataka tuulizane: Je, aapaye kwa nchi nyingine amewakana waliomzaa? Na tena, akae namna gani huko ugenini ili awe mtu wa haki kwa pande zote mbili?

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe, maana asiyejua sheria huhukumu kwa hasira. Huko Marekani, mgeni aliyepewa ukaazi wa kudumu hupewa kadi, nayo humpa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi, wala haimpi kura katika uchaguzi wa taifa. Akitaka uraia, hungoja miaka 5. Aliyeoana na raia na kukaa naye hungoja miaka 3. Katika ile miaka 5 hana budi awe ndani ya nchi kwa muda usiopungua miezi 30. Akitoka kwa muda unaopita miezi 6, hutakiwa kuthibitisha kwamba hakuhama. Akikaa nje mwaka mzima, hesabu yake kwa kawaida hukatika, naye aweza kuhesabiwa kuwa ameutupa hata ukaazi wenyewe. Ajuaye mapema kwamba safari yake ni ndefu huomba hati ya kurudia kabla hajaondoka. Hati hiyo huweza kuulinda ukaazi wake hata miaka 2, lakini haizilindi siku zake za kungojea uraia. Mwishowe hujaribiwa lugha na habari za serikali, huchunguzwa mwenendo, kisha huapa kwamba ameacha utii wake kwa dola nyingine zote.

Na kwetu je? Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akijipatia wa pili kwa hiari yake, wa Tanzania humtoka. Jirani zetu Wataita, walio ng'ambo ya Mkomazi, hawana shida hii, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humwachia raia uraia wake hata akipata mwingine. Mtaita huapa wala hapotezi kitu. Mpare huapa, akarudi kwao akiwa mgeni. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi ila kwa uwekezaji, hata shamba la babaye likawa neno la mashaka kwake. Ni kweli kwamba mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria ili wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine waweze kupewa hadhi maalum. Hadhi hiyo hupunguza uchungu, lakini si uraia.

Basi, tukiisha kuyajua hayo, tupime kwa kipimo cha kwetu. Wazee wetu walichimba ndiva, ndiyo mabwawa ya kukusanyia maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Ndiva hutunzwa kwa msaragambo. Ikipigwa mbiu, kila anyweshaye shamba lake hutoka na jembe, kuzoa matope na kuziba penye kuvuja. Asiyetoka hutozwa faini. Hapo maji hufuata jembe. Mgeni aliyekuja akashika jembe pamoja na wenyeji hupata zamu yake, na baada ya siku nyingi hapana akumbukaye kwamba alikuwa mgeni. Hii ndiyo maana ya ile methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huidhani ni methali ya kumfukuza mgeni. Mimi naona ni methali ya kumkaribisha.

Naona ya kuwa zile siku zinazohesabiwa na serikali ya ugenini ni msaragambo wa nchi ile. Wataka kujua kama mtu huyu yuko pamoja nao kweli: kwa kazi, kwa kodi, kwa kuitii sheria, kwa makao yake. Kwa hiyo ni vibaya kuichezea hesabu hiyo. Tuseme yuko mtu akaaye Same mwaka mzima. Nyumba yake, mkewe na biashara yake vyote viko hapa. Lakini kila mwezi wa kumi na moja hupanda ndege, hulala Marekani siku saba, kisha hurudi. Afisa akimwuliza, husema, "Makao yangu ni huku." Watu humwita mjanja. Lakini afananaye naye ni yule afikaye penye ndiva wakati wa kuitwa majina, akapiga jembe mara mbili, akaondoka. Na jioni ndiye wa kwanza kufungua maji. Kama makao yako yako Same, sema yako Same, uirudishe kadi ya watu kwa heshima. Hapana aibu katika kurudi nyumbani. Aibu ni kusema uongo penye milango miwili.

Sasa nije kwenye neno lililo gumu zaidi. Tuseme mzee amepooza, na jamaa waamua kwamba mtoto aliye ng'ambo arudi amwuguze. Huenda amekwisha kungoja miaka minne, akasalia na mmoja. Akija kwa miezi mitatu, hapotezi kitu ila mshahara. Akija kwa miezi kumi na minne, yamkini amepoteza yote, naye ana watoto wanaosoma kule. Afanye nini? Mimi siwezi kumwamulia mtu jambo kama hili. Lakini nasema kwamba jamaa hawana haki ya kumwita pasipo kuihesabu gharama pamoja naye. Wakae chini, waulize: Ni nani awezaye kumtunza mzee hapa? Ni nani awezaye kumlipa atakayemtunza? Mtoto aje lini, akae muda gani? Akichagua kuja na kuiacha kadi, tusimcheke kesho kwamba alikuwa Marekani akarudi mikono mitupu, maana alichotoa kwa babaye ni kikubwa kuliko gari. Na akichagua kubaki na kuleta fedha za dawa, tusizipokee kwa mkono wa kulia huku tukimlaani kwa mkono wa kushoto.

Habari ya kiapo nayo yataka kufikiriwa kwa kipimo kimoja. Wako Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima. Tangu mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 katika hao na wana wao walipewa hati za uraia wa Tanzania, na iliwapasa kuuacha uraia wa Burundi. Sisi tulisema, "Vema, wamekuwa ndugu zetu." Wako tena Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani hata Somalia katika karne ya 19. Wakakaa huko zaidi ya miaka mia, na wengi wao hawakuisahau lugha ya Kizigua. Vita ilipovunja nchi ile mwaka 1991, wengine walikimbilia mkoa wa Tanga, nchi ya babu zao, wakapewa makao Chogo, na wengi wamepewa uraia wetu. Ndugu zao waliokimbilia Kenya, wapatao 12,000, walichukuliwa Marekani tangu mwaka 2003. Tazameni basi: ukoo mmoja, huyu ameapa kwetu, yule ameapa kule. Tukimsifu wa Chogo, tutamlaumuje wa Marekani? Na tukiwapokea wana wa Burundi, kwa neno gani tutawahukumu wana wetu?

Tena tusidhani uraia huzaliwa na mtu kama rangi ya macho yake. Mpaka ulio kati yetu na Taita ulichorwa na Waingereza na Wadachi kwa mapatano ya mwaka 1886, na koo nyingi za Upare husimulia kwamba wazee wao walitoka huko Taita. Walikuja wageni, wakafyeka, wakachimba ndiva, wakazika wafu wao, wakawa wenyeji. Uraia wa Tanganyika ulianza tarehe 9 Desemba 1961. Babu zetu walilala usiku, wakaamka raia, bila kiapo wala mtihani. Na Ruthu Mmoabi, tumjuaye sote, aliapa kwa taifa jipya akiwa njiani. Naye alikithibitisha kiapo chake kwa kuinama shambani na kuokota masuke.

Kwa hiyo naona kwamba mambo haya ni mawili, wala tusiyachanganye. Uraia ni maji na jembe: mtu aweza kuuweka chini hapa akaushika kule, kwa kiapo cha kweli. Uwana haushikwi kwa kiapo, wala hakuna dola iwezayo kuufuta. Nchi humwuliza mtu utii wake. Haimwulizi kama angali ampenda mamaye. Aapaye asiape kwa midomo mitupu, bali aitumikie nchi ile kwa haki. Lakini akiisha kuapa, bado ni mwana, na deni la mwana liko pale pale.

Na deni hili halipimwi kwa maili. Yuko mtu wa kwetu, raia kwa hati zote, akaaye Same mjini, penye reli na barabara kuu. Mamaye yuko juu mlimani Mbaga, na gari hupanda kila siku. Naye hajapanda miaka mitatu. Huyo hapana amwitaye mkataa kwao. Mimi nauliza: katika hawa wawili, aliyeapa ng'ambo na kumpigia mamaye simu kila Jumapili, na huyu aliye chini ya mlima, ni nani aliyetuacha?

Basi, ndugu zangu wazazi, mtoto akileta habari ya kiapo, mwulizeni mambo mawili tu: Je, umeapa kwa kweli? Na je, ungali mwanetu? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, mpeni baraka. Na ninyi mlio karibu, msingoje nauli ya ndege ndipo mjione wana. Pandeni mlima.