Kuuliza Kabla ya Kujenga

Katika nchi nyingi siku hizi walimu wamepewa kazi mpya. Pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu, wawafundishe watoto kubuni, yaani kutazama shida ya watu na kutafuta kitu au njia ya kuipunguza. Mafundisho hayo yameenea hasa kutoka Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Profesa David Kelley na wenzake waliyaeneza. Kwa kawaida hupangwa kwa hatua tano: kumsikiliza mwenye shida mpaka uone kwa macho yake, kuitaja wazi shida yenyewe, kukusanya mawazo mengi, kutengeneza mfano wa kitu kwa vifaa rahisi, na kuujaribu mfano huo mbele ya mwenye shida, ili akuonyeshe kasoro zake.

Mzazi wa Butembo au wa Beni akisikia hayo huuliza mara moja: Je, hiyo ni elimu au ni mchezo? Mtoto wangu atafaulu mtihani wa serikali kwa kukata maboksi? Swali hilo ni la haki, maana mzazi huyo hutoka jasho ili mtoto wake asome. Lakini liko swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ndilo tutakalolitazama hapa: Je, mafundisho hayo humfanya mtoto kuwa mtu mwema zaidi, au mjanja zaidi tu?

Kwanza, tusidhani kwamba kubuni ni kitu cha wageni. Nani katika Kivu ya Kaskazini asiyeijua chukudu? Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Magurudumu yake ni ya mbao yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani, na breki yake ni kipande cha mpira ambacho mwendeshaji hukikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Kijana huweka goti moja juu yake, na kwa mguu wa pili husukuma. Huteremka mlima na viazi, kabichi na magunia ya makala, mamia ya kilo kwa safari moja. Hakuna kiwanda kilichotuletea chombo hicho. Watu waliona mzigo, waliona mlima, wakachukua panga na misumari. Mji wa Goma umemjengea mwendesha chukudu sanamu, na kwa haki.

Basi akili ya kubuni haijapungua kwetu. Lakini mtengeneza chukudu alikuwa na faida moja: shida ilikuwa ya mabega yake mwenyewe. Aliujua uzito wa gunia. Kazi iliyo ngumu ni kubuni kwa ajili ya mtu mwingine. Kitanda usichokilalia, wahenga wasema, hujui kunguni wake.

Tutoe mfano. Tuseme mwalimu wa darasa la sita, katika shule ya mlimani karibu na Butembo, anawaambia wanafunzi wake: Mama wazee wanapata taabu kuchota maji, tuwasaidieje? Mtoto mwerevu atajibu upesi: Tuwanunulie bidoni kubwa zaidi, ili waende mara moja tu. Walimu wengi wangempa maksi zote. Lakini mwalimu mwenye busara atasema: Nendeni kwanza kwenye chemchemi, mkae, mtazame, muulize. Huko wataona kwamba mama hubeba bidoni ya lita 20 mgongoni, kwa kamba inayopita kipajini. Watamsalimu kwa heshima na kumwuliza, naye labda atawajibu: Wanangu, kutembea nimezoea. Taabu yangu ni kujitwisha. Nikiwa peke yangu siwezi kuinuka na mzigo kutoka chini, lazima nimngoje mpita njia.

Kumbe! Hakuhitaji bidoni kubwa. Hiyo ingemzidishia mateso. Anahitaji ukuta mdogo wa mawe, wenye kimo cha kiuno, auweke mzigo juu yake, aipitishe kamba kipajini, aende zake. Watoto wataujenga. Mama atakuja kuujaribu, na pengine atasema: Mmezidisha kimo. Ndipo watabomoa safu moja ya mawe, wala hawatakasirika. Siku hiyo mtoto amejifunza mambo mawili yasiyoandikwa ubaoni: kwamba mwanamke asiyejua kusoma anajua jambo asilolijua mwalimu, na kwamba kazi yake mwenyewe inaweza kusahihishwa naye asipungukiwe heshima.

Msomaji asifikiri kwamba hayo ni mambo madogo ya watoto. Sisi wa nchi hii tumeona jinsi yalivyo mazito. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika upande wa Beni, ukafika Butembo na Katwa, wala haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Waganga walikuja na chanjo, dawa na magari. Lakini wagonjwa wengi walijificha, maana waliona watu waliovaa mavazi ya kufunika uso wakimchukua ndugu yao, naye asionekane tena. Tena mwezi wa Desemba 2018 wenyeji wa Beni na Butembo waliambiwa hawatapiga kura pamoja na nchi nzima kwa sababu ya ugonjwa, hali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Shaka ikawa hasira. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa kwa risasi mjini Butembo, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Kumwua mtu aliyekuja kuponya ni dhambi kubwa, wala hakuna hasira inayoweza kuihalalisha. Lakini haitupasi kusahau somo la upande wa pili: msaada usiouliza huonekana kama adui.

Palikuwa na waliouliza. Huko Beni, mwaka 2018, shirika la waganga liitwalo ALIMA lilianza kutumia chumba cha plastiki inayopenya nuru. Mgonjwa hulala ndani. Mganga humhudumia kutoka nje kwa mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani. Na ndugu zake husimama karibu, wakamwona uso, wakazungumza naye. Chumba hicho kilitokana na kutambua kwamba mgonjwa hahitaji dawa tu, ahitaji kuona uso wa mama yake. Haya si mapambo ya uganga. Ni kumheshimu mtu.

Hapa tunafika kwenye mzizi wa jambo. Kuuliza kabla ya kujenga ni tendo la unyenyekevu. Bwana wetu Yesu Kristu alipoitwa na kipofu Bartimayo, njiani kutoka Yeriko, kila mtu aliona ugonjwa wa mtu yule. Hata hivyo Bwana, ajuaye yote, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Hakumponya kama mtu atengenezaye chombo kilichovunjika. Alimpa nafasi ya kusema haja yake. Naye Nehemia, kabla ya kuwaambia watu wajenge tena kuta za Yerusalemu, alizunguka usiku na watu wachache, akizitazama kuta zilizobomoka.

Kanisa lina njia yake iliyo karibu na hiyo. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha Vijana Wafanyakazi Wakatoliki, aliwafundisha vijana maneno matatu: ona, amua, tenda. Papa Yohane XXIII aliyasifu mwaka 1961 katika barua yake Mater et Magistra. Linganisha maneno hayo na zile hatua tano, utaona pengo. Kuona kupo, kutenda kupo. Lakini hatua ya kuamua, yaani kupima jambo kwa dhamiri na kwa Injili, haitajwi. Bunduki nayo ilibuniwa vizuri sana. Aliyeibuni alisikiliza haja ya askari, akaijaribu, akasahihisha kasoro zake. Watu wa Beni wanajua matunda yake. Kwa hiyo mwalimu Mkristu hana budi kuongeza swali moja: Je, jambo hili ni la haki, na nani ataumizwa nalo?

Tena ziko hatari mbili. Ya kwanza ni kuifanya shida ya maskini kuwa zoezi la darasa. Watoto wakimwuliza mama mzee maswali, wakachora, wakapewa maksi, kisha wasirudi tena, wamemwibia. Usimwulize mtu jeraha lake kama huna nia ya kulifunga. Hatari ya pili ni kudhani kwamba kila uchungu una dawa ya kubuniwa. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wamechinjwa kijiji kwa kijiji katika upande wa Beni. Mtoto aliyempoteza baba yake usiku si tatizo la kutatuliwa. Anahitaji mtu wa kukaa naye, wa kusali naye, na serikali ya kumlinda. Raia wa huku wamezoea kujitengenezea mambo wenyewe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, siku za Askofu Emmanuel Kataliko, bila kungoja Kinshasa. Hiyo ni sifa. Lakini ustadi wa raia usiwe mto wa kulalia wakubwa wanaosahau wajibu wao.

Na vile vitabu na hesabu? Visiachwe. Asiyejua kupima hawezi kujenga hata ukuta wa kiuno. Kumbukumbu ni ghala, na kubuni ni kupika. Ghala likiwa tupu, mpishi atapika nini? Kweli, tangu shule za msingi zilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu amechoka. Lakini kazi hii haidai mashine wala umeme. Yatosha saa chache kwa juma, daftari, kalamu, na jirani mmoja mwenye shida ya kweli.

Ninyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani msimwulize tu amepata maksi ngapi. Mwulizeni pia: Leo umemsikiliza nani? Nanyi walimu na makatekista, waonyesheni watoto kwamba swali jema laweza kuwa sadaka. Maana atakayejenga nchi hii kesho ni yule aliyejifunza mapema kuinama mbele ya jirani yake, kumwuliza, kungoja jibu, na kurudi kwake baada ya kazi.